Je, Elimu Ina Bei?

Majuma machache yaliyopita alitujia ofisini mzee mmoja, mkulima wa kahawa, msomaji wa gazeti hili tangu ujana wake. Hakuja kulipa ada ya gazeti wala kuleta tangazo la arusi. Alikuja na swali, nalo lilikuwa limemwondolea usingizi. Mwanawe wa tatu yuko chuo kikuu. Wakati wa likizo kijana alirudi nyumbani na godoro jipya kwa ajili ya mama yake, pamoja na fedha za mbolea. Mzee akafurahi, kisha akauliza, kama ilivyompasa mzazi, fedha hizo zimetoka wapi. Kijana akajibu bila kuficha: "Baba, ninanakili vitabu." Huazima kitabu kimoja cha masomo maktabani, hukipeleka duka la fotokopi, hufungisha nakala thelathini au arobaini, kisha huwauzia wenzake kwa bei ndogo mno kuliko bei ya kitabu chenyewe.

"Sasa, Padre," akatuuliza mzee, "godoro lile ni la wizi, au si la wizi? Mama yake analilalia. Mimi nimekataa, nalala juu ya mkeka."

Hatukumjibu siku ile. Twaona haya kusema hivyo, lakini ndiyo kweli. Tulimwomba atupe muda, kwa sababu nyuma ya kiti alichokalia, katika rafu yetu ya vitabu, zilikuwapo juzuu mbili za falsafa ambazo sisi wenyewe tulizinakili tulipokuwa seminari kuu. Kitabu kilikuwa kimoja tu maktabani, nasi darasani tulikuwa ishirini na wawili, na mtihani ulikuwa mlangoni. Wakati ule hatukuuliza kama ni haki au si haki. Tuliuliza tu kama mashine ina wino. Basi tumelifikiri swali la mzee kwa muda wa majuma haya, na leo twajaribu kulijibu mbele ya wasomaji wetu wote, maana jamaa nyingi nchini zina mtoto chuoni, na godoro la namna ile limo katika nyumba nyingi.

Kwanza yafaa tupambanue. Tusemapo "kitabu" twataja mambo matatu kwa neno moja. Kuna karatasi, wino, gundi na nauli ya kukileta kitabu dukani. Kuna kazi ya mtunzi aliyekesha akiandika, na ya mhariri aliyesahihisha, na ya mchoraji wa picha. Tena kuna elimu yenyewe iliyomo ndani. Mambo haya matatu hayana hukumu moja, na mtu akiyachanganya atapotea njia mapema.

Juu ya karatasi hakuna ubishi. Anayeichukua bila kulipa ni mwizi, kama yule anayebeba shuka dukani. Juu ya kazi pia ubishi ni mdogo: mfanya kazi astahili ujira wake, na jasho la kalamu ni jasho kama jasho la jembe. Wako watu wadhanio kwamba kuandika si kazi kwa kuwa mtu huifanya ameketi. Na wajaribu kuandika kitabu kimoja cha hesabu kisicho na kosa, ndipo watakapojua.

Lakini elimu yenyewe ni ya nani? Kwamba damu huzunguka mwilini, kwamba bei hupanda bidhaa ikiadimika, kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa zafanya pembe mraba mbili: ni nani awezaye kusema, "Hili ni langu, lipieni"? Watu wazima watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa vijijini kabla ya kila nyumba kuwa na kiberiti. Moto ukizimika, mama humtuma mtoto kwa jirani na kigae, akaletewa kaa. Hakuna jirani aliyeuza moto. Na kwa nini auze? Kaa likitoka, jiko lake halikupoa. Kuni aliweza kuziuza, maana kuni ukimpa mwingine wewe wapungukiwa. Moto haupungui kwa kugawiwa. Elimu nayo ni hivyo: mwalimu akimfundisha mwanafunzi kanuni moja, baada ya somo kanuni wanayo wawili.

Wazo hili si geni. Wataalamu wa sheria za Kanisa katika karne za kati walishika kanuni kwamba elimu ni kipaji cha Mungu, kwa hiyo haiwezi kuuzwa. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1179 uliagiza kwamba kila kanisa kuu liwe na mwalimu aliyewekewa riziki yake, ili awafundishe makleri na wanafunzi maskini bila malipo. Ukakataza pia mtu kutozwa fedha ili apate ruhusa ya kufundisha. Na waalimu wangekula nini? Wataalamu walijibu vizuri: mwalimu aweza kupokea ujira wa kazi na taabu yake, wala si bei ya elimu. Hapo twaona kwamba upambanuzi wetu wa leo ulikwisha fanywa kabla ya mashine ya kwanza ya kupiga chapa kujengwa. Tena angalieni jinsi shauri lenyewe lilivyokuwa: mwalimu hulipwa mara moja, na mwanafunzi maskini husoma bure. Tutalirudia jambo hili.

Sheria ya hakimiliki ilikuja baadaye. Ile ya Uingereza ya mwaka 1710, ambayo mara nyingi huitwa mama wa sheria hizi, ilijieleza katika kichwa chake kuwa ni sheria ya kuitia moyo elimu. Ilimpa mtunzi haki ya kitabu chake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine kama bado yu hai. Baada ya hapo kitabu kikawa cha watu wote. Leo katika nchi nyingi haki hiyo huendelea miaka 50 au 70 baada ya mtunzi kufa. Hatusemi sheria hizi ni mbaya. Twasema zilikuwa njia, na elimu ndiyo ilikuwa shabaha. Njia ikisahau shabaha yake, yafaa tuikumbushe.

Je, imesahau? Hebu tuangalie Marekani, ambako vitabu vingi vya vyuo vyetu hutoka. Ofisi ya serikali ya nchi hiyo iliyo chini ya Bunge ilitoa taarifa mwaka 2005 kwamba tangu Desemba 1986 mpaka Desemba 2004 bei ya vitabu vya vyuo ilipanda kwa asilimia 186, hali bei za vitu vyote kwa jumla zilipanda kwa asilimia 72. Haikukoma hapo. Idara yao ya takwimu za kazi ilihesabu kwamba tangu Januari 2006 mpaka Julai 2016 bei hizo ziliongezeka tena kwa asilimia 88.

Sababu yake yaeleweka hata na mama auzaye nyanya gengeni. Sokoni mwenye kula ndiye mwenye kuchagua. Akiona fungu ni ghali, huenda kwa muuzaji wa pili. Lakini kitabu cha chuo huchaguliwa na mwalimu na kulipiwa na mwanafunzi, na mwalimu mwenyewe mara nyingi amepewa nakala yake bure. Anayechagua haumii, na anayeumia hachagui. Tena, wanafunzi walipoanza kununua vitabu vilivyokwisha tumika, wachapishaji wakazidi kutoa matoleo mapya kila baada ya miaka michache, pengine maswali yamepangwa upya tu, ili kitabu cha kaka kisimfae mdogo wake. Siku hizi kuna pia namba ya siri ya kufungulia mazoezi katika kompyuta. Ikitumiwa mara moja imekufa. Kitabu kisichoweza kurithiwa! Katika nyumba zetu, ambamo shati la mkubwa humwendea mdogo mpaka likawa dekio, jambo hili lashangaza.

Watu wengine wamepambana na mashaka haya mahakamani, na kesi mbili zatusaidia.

Ya kwanza ni ya kijana wa Thailand aliyekuwa akisoma Marekani. Aliona kwamba vitabu vilevile vya mchapishaji mmoja viliuzwa kwao kwa bei ndogo sana. Akawaandikia jamaa zake wavinunue huko na kumpelekea, naye akaviuza Marekani kwa faida. Mchapishaji akamshtaki. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilimpa kijana haki: mtu aliyenunua nakala halali ana ruhusa kuiuza. Baba wa mwanafunzi wetu asifurahi upesi, walakini. Kijana yule wa Thailand alikuwa amenunua kila nakala. Mtunzi alikwisha pata chake. Nakala za fotokopi hazijampa mtunzi hata senti moja.

Ya pili ni ya Uhindi, nayo yafanana zaidi na ya kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Delhi palikuwa na duka dogo la fotokopi lililopewa ruhusa na chuo. Waalimu walichagua sura na kurasa za kusomwa kutoka vitabu mbalimbali, duka likazinakili na kuzifunga pamoja, na wanafunzi wakanunua kwa bei ya kurasa. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa wa Uingereza walilishtaki duka na chuo. Hapo likatokea jambo la kupendeza: waandishi na wasomi zaidi ya 300 walitia sahihi barua ya kupinga kesi hiyo, na baadhi yao walikuwa ndio watunzi wa kurasa zilizokuwa zikinakiliwa. Septemba 2016 jaji wa Mahakama Kuu ya Delhi aliitupa kesi. Alieleza kwamba hakimiliki si haki ya maumbile, bali ni haki iliyowekwa na sheria kwa faida ya watu, na sheria ya Uhindi yaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundisha. Desemba mwaka ule majaji wa rufani walikubaliana na kanuni hiyo, ila walitaka ichunguzwe kama kurasa zile kweli zilihitajiwa na masomo. Mwaka 2017 wachapishaji waliiacha kesi yao.

Kutokana na kesi hizi twapata mwanga wa kutosha kwa upande wa kwanza wa swali. Mwanafunzi anayenakili sura anayohitaji, ambaye hana namna nyingine ya kuipata, hatumwiti mwizi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo huacha nafasi kwa matumizi fulani ya mtu binafsi na ya kufundishia. Lakini kunakili kitabu kizima, tangu jalada mpaka jalada, mara arobaini, na kukiuza kwa faida, hilo ni jambo jingine. Huyo hatafuti elimu tu. Ameufanya moto wa jirani kuwa duka, na kuni si zake. Haidhuru bei yake iwe ndogo. Anayeuza kuku wa mwenziwe kwa bei nafuu hakumtendea hisani mwenye kuku.

Tungeweza kukomea hapa, tukatoa hukumu na kurudi mezani kula. Lakini hukumu inayomwambia maskini, "Usinakili," bila kumwonyesha atasomaje, ni hukumu ya mtu aliyeshiba. Kijana yule akiacha kuuza, wenzake arobaini watasoma nini? Kitabu kile dukani bei yake ni chakula cha mwezi. Hata mashirika ya mataifa yalijaribu kuliondoa jambo hili yakakwama. Mwaka 1967, katika mkutano wa Stockholm, nchi zilizokuwa zimetoka tu kujipatia uhuru ziliomba ruhusa nyepesi ya kutafsiri na kunakili vitabu kwa ajili ya shule zao. Itifaki ikaandikwa, lakini nchi zenye wachapishaji wakubwa zilikataa kuipokea. Mwaka 1971 huko Paris wakaandika nyingine badala yake, yenye masharti na muda wa kungoja mwingi hata ni nchi chache zilizopata kuitumia. Mwenye njaa alipewa funguo za ghala, lakini kufuli zilikuwa saba.

Basi ni vema wasomaji wetu wajue kwamba iko njia ya tatu, ambayo si kununua kwa bei ya kuua wala si kunakili kwa kujificha. Ni vitabu huria: vitabu vya kiada ambavyo watunzi wenyewe wamevitoa wazi, mtu avisome, avinakili, avichape, avigawe, na mara nyingi avibadili au avitafsiri, bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Hakuna kinachoibwa, maana mwenye mali ameufungua mlango kwa mkono wake.

Jambo hili lilikuaje? Mwaka 1999 profesa mmoja wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Richard Baraniuk, alianzisha hazina ya masomo ambayo waalimu wa mahali popote waliweza kuandikia na kuchukua. Mwaka 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka wazi katika intaneti maandalio ya masomo yake. Mwaka 2002 wanasheria wa Creative Commons walitoa leseni ambazo mtunzi aweza kuziweka katika kitabu chake ili kila mtu ajue amepewa ruhusa gani. Na mwaka ule ule UNESCO ilikusanya watu Paris, wakaipa kazi hii jina. Mwaka 2012 kazi ya Houston ilizaa OpenStax, ikatoa vitabu viwili vya kwanza, kimoja cha fizikia na kimoja cha elimu ya jamii. Leo vimepita 50, vya baiolojia, hisabati, uchumi, uuguzi na mengineyo. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuzitaka serikali zote zitie nguvu kazi hii.

Wala si kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2002 wanafunzi wa digrii za juu huko Cape Town walianza kuandika kwa kujitolea vitabu huria vya sayansi kwa shule za sekondari. Kazi yao ilikua chini ya jina la Siyavula, na kwa mwaka wa masomo wa 2012 serikali ya Afrika Kusini ilivichapa vitabu vya hisabati na sayansi na kuvigawa katika shule zake. Vijana waliochoka kulalamika juu ya bei waliandika, na watoto wa taifa zima wakasoma.

Sasa tusikie mapingamizi, maana yapo, na mengine yana uzito.

Husemwa kwanza: mtunzi atakula nini? Jibu ni lile la mwaka 1179. Kitabu huria si kitabu kisicho na gharama. Ni kitabu ambacho gharama yake imelipwa mapema. Huko Houston fedha zimetoka katika mifuko ya hisani; mahali pengine hutoka chuoni au serikalini. Watunzi na wasahihishaji hulipwa ujira wao, mara moja, kisha moto hugawiwa bila bei. Tena watunzi wengi wa vitabu vya vyuo ni waalimu ambao tayari wana mishahara, ambayo huku kwetu hutoka katika kodi ya mkulima yule yule alalaye juu ya mkeka. Hatusemi kila mtunzi alazimishwe kutoa bure. Mshairi na mtunzi wa hadithi, ambaye hana mshahara wa chuo, ana haki ya kuishi kwa kalamu yake, na anayenakili kitabu chake amchukulia unga wa watoto wake. Zawadi ikilazimishwa si zawadi tena. Lakini kazi iliyokwisha lipiwa na umma, yafaa umma uisome.

Husemwa pili: kitu cha bure hudharauliwa, na pengine ni kibaya. Ni kweli kwamba vitabu huria vibovu viko, kama vile vitabu ghali vibovu viko. Ubora hautoki katika bei. Hutoka katika kusomwa na kusahihishwa na wenye ujuzi. Maktaba ya vitabu huria iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2012 huweka maoni ya waalimu waliovipima, ili anayechagua ajue. Mwalimu asiyepima kitabu kabla ya kukitoa kwa wanafunzi atawapotosha, kiwe cha bure au cha dhahabu.

Husemwa tatu: si kila kijana ana kompyuta, wala mtandao haufiki kila mahali. Kweli tupu. Ndiyo maana ruhusa ya kuchapa ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu kikichukuliwa mara moja mjini chaweza kuchapwa na kufungwa, kikapanda basi mpaka chuo cha mbali, na hakuna askari wa kukisimamisha njiani.

Lakini pingamizi la nne ndilo lililotuchoma zaidi, nalo halisemwi mara nyingi. Tukila daima kutoka chungu cha jirani, je, hatutasahau kupika? Vitabu vile vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kule. Mifano ya uchumi ni ya dola na ya mikopo ya nyumba za kule; mifano ya fizikia ni ya theluji na ya michezo ambayo watoto wetu hawajaiona; na lugha ni Kiingereza. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wazee. Taifa linaloletewa kila kitabu, hata bure, litajikuta linafikiri kwa mifano ya watu wengine, na mwisho litajiona geni katika nchi yake.

Twakubali uzito wa neno hili, lakini twaliona kuwa linatuhukumu sisi, wala halivihukumu vitabu. Maana kitabu cha kununua hakikubali kubadiliwa hata neno moja. Kitabu huria, kama leseni yake yaruhusu, chakubali. Mwalimu wa uchumi aweza kuondoa mfano wa mahindi ya Iowa na kuweka wa mahindi ya Iringa. Mwalimu wa uuguzi aweza kueleza malaria kwa kurasa kumi pale ambapo kitabu cha kule kimeigusa kwa chache. Tena aweza kutafsiri kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi tumesema kwamba Kiswahili hakina vitabu vya elimu ya juu, na tumesema hivyo kana kwamba ni hali ya hewa, si kazi ya mikono yetu. Zamani tuliweza kujitetea kwamba ruhusa ni ghali. Kwa vitabu hivi ruhusa imo ukurasa wa mbele. Kilichobaki ni wivu wa heri na kalamu.

Basi twatoa shauri kwa kila mtu kwa kadiri ya wajibu wake. Waalimu wa vyuo na waulize, kabla ya kuandika orodha ya vitabu, kila kitabu ni bei gani, na kama kipo cha wazi kinachotosha. Kumwagiza mtoto wa maskini kitabu ambacho wewe mwenyewe hukukinunua ni mzigo usioubeba hata kwa kidole kimoja. Wakuu wa vyuo wakihesabu kazi za mwalimu wakati wa kumpandisha cheo, wakipe kitabu cha kiada kilichotolewa wazi heshima yake, maana leo mwalimu hupata sifa zaidi kwa makala isomwayo na watu kumi ng'ambo kuliko kwa kitabu kisomwacho na elfu kumi nyumbani. Wazazi na wawaulize watoto wao, kama mzee wetu alivyouliza, fedha zimetoka wapi. Swali lile lilikuwa kazi ya baba, nasi twamheshimu kwa hilo.

Na godoro? Tulimwita mzee tena juma lililopita, akaja na kijana wake. Tulimwambia kijana waziwazi kwamba kuuza nakala za vitabu vizima vya watu si halali, na aache. Hakubisha, aliuliza tu, "Na wenzangu, Padre, watasoma nini?" Tukamwonyesha vitabu huria vya masomo yake mwenyewe. Alivipekua katika simu yake muda mrefu, akauliza kama kweli ana ruhusa ya kuvichapa na kuuza. Tukamjibu: soma masharti, maana vingine vyakataza biashara, na hivyo utatoza gharama ya karatasi tu; vingine vyaruhusu yote mradi umtaje mtunzi. Mashine ni ile ile, karatasi ni ile ile, na wanunuzi ni wale wale, lakini mikono itakuwa safi. Kwa habari ya faida iliyokwisha kuliwa, tulimshauri akusanye kidogo kidogo, anunue nakala moja halali ya kile kitabu alichokiuza zaidi, aiweke maktaba ya chuo. Hivyo mtunzi atapata cho chote, na maskini watapata kitabu.

Hatukumtwika mzigo ambao sisi wenyewe tumeukwepa. Zile juzuu mbili za rafuni tumeziagiza kwa haki, na zikifika zitakwenda maktaba ya seminari ile, ili darasa la leo lisome. Imetuchukua miaka mingi na swali la mkulima kulitenda jambo hili.

Mzee alituambia, akiaga, kwamba atahamia godoroni siku kitabu kitakapofika maktabani, si kabla. Tulijaribu kumwambia kwamba si lazima ateseke namna hiyo. Akasema mkeka haujamzoea vibaya. Twaomba tu kijana afanye haraka, maana majira ya baridi yako karibu, na huko milimani baridi ni kali.